Kilele cha Adamu: unyayo ni wa nani, na mama mwenye magoti mabovu atafika?

"Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi Doha. Tangu utotoni chuoni tulisomeshwa kwamba Nabii Adamu aliposhushwa kutoka peponi alitua juu ya mlima wa Sarandibu, yaani Sri Lanka, na unyayo wake uko pale mpaka leo. Mama yangu ana miaka 61 na anatamani sana kuuona kabla nguvu hazijamwisha. Nimepata likizo ya wiki moja mwezi wa Julai. Mama ana presha, anameza dawa kila siku, na magoti yanamsumbua, hasa akishuka ngazi. Mjomba anasema kuna njia mbili, ya Adamu na ya Hawa, na ukipita ile rahisi ya Hawa ziara haihesabiki. Jirani anasema pale ni hekalu la Mabudha, Muislamu haruhusiwi. Tena naogopa hewa ya huko juu, isije ikawa kama Kilimanjaro. Naomba unieleze ukweli: ule unyayo ni wa Adamu au la? Na mama ataweza?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako lina mambo mawili ndani yake, jina la mlima na magoti ya mama, na yote mawili yana majibu. Ila nitangulize moja kabla hujakata tiketi: Julai si mwezi wa kupanda mlima huu. Nitaeleza sababu yake huko mbele. Kama likizo inaweza kusogezwa, anza kulishughulikia hilo leo.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa hata kwenye kituo cha basi. Wenyeji hawauiti mlima wa Adamu. Wasinhala, walio wengi kisiwani na wengi wao Mabudha, huuita Sri Pada, yaani unyayo mtukufu, nao husema ni wa Buddha. Watamili wa dini ya Kihindu huuita Sivanolipada Malai, na kwao ni unyayo wa Shiva. Jina jingine la Kisinhala ni Samanala Kanda. Samanalaya ni kipepeo, na kila mwaka, hasa kati ya Novemba na Machi, makundi ya vipepeo weupe na wa njano hupita kisiwani kwa maelfu. Watu husema wanakwenda mlimani kuhiji na kufa huko. Vipepeo hao kwa kweli huhama kuelekea pande mbalimbali, si mlima huo peke yake. Jina lenyewe linahusishwa na Saman, mlinzi wa mlima katika imani ya wenyeji, anayechorwa pamoja na tembo mweupe.

Jina la Adamu lililetwa na watu wa baharini. Waarabu waliuita mlima huo ar-Rahun, kutokana na Ruhuna, ufalme wa kale wa kusini mwa kisiwa, na kisiwa wakakiita Sarandib, neno lililotoka kwenye Simhaladvipa, kisiwa cha Wasinhala. Maelezo ya wafanyabiashara wa Kiarabu ya mwaka 851 tayari yanautaja mlima wa Sarandib kuwa ndipo aliposhukia Adamu. Wareno walipofika kisiwani mwaka 1505 waliikuta hadithi hiyo midomoni mwa mabaharia Waislamu, wakaandika Pico de Adam, na ramani za Ulaya zikalibeba jina hilo mpaka leo. Miongoni mwa Wareno wenyewe wapo waliosema unyayo ni wa Mtakatifu Tomaso. Kwa hiyo ukifika Hatton, mji wenye kituo cha treni cha kuendea mlimani, usiulize basi la kwenda kwa Adamu. Sema Sri Pada, au taja kijiji cha Nallathanniya, kilicho chini ya mlima, ambacho kwenye ramani nyingi bado kimeandikwa Dalhousie. Angalia pia usichanganye na Dalhousie ya India, mji mwingine kabisa.

Kwa nini mlima huu na si mwingine? Si mrefu kuliko yote kisiwani. Una mita 2,243, na Pidurutalagala una mita 2,524. Tofauti iko kwenye umbo na mahali ulipo. Pidurutalagala umejificha katikati ya nyanda za juu na kilele chake ni butu. Sri Pada umesimama ukingoni, upande wa magharibi, umechongoka kama pia iliyogeuzwa, na kutoka kileleni hadi pwani ya magharibi ni kama kilomita 70 tu. Kwa mviringo wa dunia, kilele cha mita 2,243 huweza kuonekana kutoka usawa wa bahari kwa umbali wa kilomita 170 hivi hewa ikiwa safi. Maana yake nahodha aliye kilomita 100 nje ya pwani, ambaye bado haoni mchanga wala mnazi, angeweza kuona ncha hiyo ikichomoza juu ya mawingu. Baada ya majuma ya maji matupu, kitu cha kwanza cha nchi kavu unachokiona hakikosi hadithi.

Hadithi yenyewe ilijibu pia swali la kibiashara: kwa nini manukato yote mazuri yanatoka upande ule? At-Tabari, mwanatarehe aliyefariki mwaka 923, anapokea mapokeo kwamba Adamu alishuka bara Hindi akiwa amejifunika majani ya peponi, majani yakakauka, upepo ukayatawanya, na kutoka hapo ndipo zikapatikana harufu nzuri za nchi ile. Kisiwa cha mdalasini kikafaa hadithi hiyo barabara. Vito navyo vikapata maelezo yao. Chini ya mlima uko mji wa Ratnapura, jina lenye maana ya mji wa vito, ambako yakuti huchimbwa kwenye changarawe za mito mpaka leo, na watu wakasema ni machozi ya Adamu alipokuwa akitubu.

Sasa ule unyayo. Kijiolojia, mlima huu si volkano. Ni mwamba wa kale mno, uliopikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi kisha ukainuliwa, na mvua ikaula pande zote kwa mamilioni ya miaka mpaka ikabaki ncha ngumu. Juu ya miamba ya aina hiyo maji hutuama penye kibonde kidogo, huozesha madini yaliyo laini zaidi, na kibonde hurefuka na kupanuka. Mashimo yenye umbo la mguu, bakuli au kinu hupatikana kwenye vilele vingi vya miamba duniani. Alama ya Sri Pada ina urefu wa mita 1.8 hivi. Mapokeo ya Kibuddha husema unyayo wenyewe uko chini zaidi, umefunikwa na jiwe, na kinachoonekana juu ni alama yake tu.

Angalia vipimo vinavyobadilika kadiri msimulizi anavyosogea karibu. Yale maelezo ya mwaka 851, ya watu waliosikia bandarini, yanasema unyayo una dhiraa 70 na kwamba mguu wa pili ulikuwa baharini. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipanda mlima huu mwaka 1344, akaandika shibiri 11, yaani kama mita mbili na nusu. Leo ni mita 1.8. Na ukitaka kupiga hesabu kwa hadithi ya kimo cha Adamu, dhiraa 60, ambazo ni kama mita 27, basi unyayo wake ungekaribia mita 4, kwa sababu mguu wa binadamu ni kama asilimia 15 ya kimo chake. Kipimo cha leo hakifiki hapo, wala kile cha bandarini hakikubaliani nacho. Usiutumie huo kuthibitisha wala kukanusha.

Kwa upande wa dini, hili linasemeka bila kuogopa: Qur'ani inasimulia kushushwa kwa Adamu lakini haitaji mahali. Mahali panatoka kwenye mapokeo ya waliokuja baadaye, nayo yanatofautiana. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani, ameyakusanya: kutoka kwa Hasan al-Basri, kwamba Adamu alishuka Hindi na Hawa Jeddah, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Adamu alishuka Safa na Hawa Marwa, na mengine yanataja Dahna, kati ya Makka na Taif. Hayo ya Hindi na Jeddah ndiyo yaliyofika chuoni kwenu. Waliokusomesha hawakukudanganya, walikupa mapokeo yenye asili ndefu. Ila mapokeo hayo si nguzo ya imani, na mama asibebe mzigo wa kuona kwamba asipofika amepungukiwa na kitu katika dini yake. Hukumu ya kuzuru mahali kama hapo, na nia ya kwenda nayo, muulizeni sheikh mnayemwamini, ana kwa ana, kabla ya safari.

Jirani yako amekosea kidogo. Kilele kinasimamiwa na watawa wa Kibuddha, na ibada inayofanyika pale ni yao, lakini hakuna dini inayozuiwa kupanda. Waislamu wamepanda kwa karne nyingi. Yako hata mapokeo, ambayo watu wa tarika ya Qadiriyya huko kwetu pwani watayafurahia, kwamba Sheikh Abdulqadir Jilani alikaa kwenye pango la Kuragala, upande wa Balangoda, katika safari ya kuzuru mlima huu. Mkifika juu mtavua viatu na kofia (mtandio wa mama hauna tatizo), mtavaa nguo za kusitiri, na hamtapiga picha ya unyayo. Hakuna atakayewalazimisha kuinama wala kutoa sadaka. Na mwandae mama mapema kwa hili: unyayo uko ndani ya kijumba, mara nyingi umefunikwa kwa kitambaa, na msitari wa watu hupita mbele yake kwa sekunde chache. Asitarajie kuona vidole vitano juu ya jiwe. Kuna waliolia kwa kuvunjika moyo baada ya usiku mzima wa ngazi, kwa sababu tu hawakuambiwa.

Habari ya mjomba ina asili pia. Ibn Battuta anaeleza njia mbili za kupanda, ya Baba na ya Mama, Adamu na Hawa. Ya Mama ilikuwa nyepesi na watu walirudia nayo; ya Baba ilikuwa ngumu, na aliyepandia njia ya Mama alionekana kama hakuzuru. Hiyo ilikuwa desturi ya mahujaji wa mwaka 1344, waliopanda kwa minyororo ya chuma iliyopigiliwa kwenye mwamba. Haina hukumu yoyote ya dini. Leo njia ziko kadhaa, na hujaji wa Kibuddha aliyezoea hachukulii njia fupi kuwa pungufu.

Turudi kwa Julai. Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo utanielewa upesi: msimu wa mlima huu unakwenda na pepo zile zile zilizowaleta majahazi. Kusi ikishavuka ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, ikabeba unyevu wa bahari nzima na kuupiga upande wa magharibi wa Sri Lanka, ambako Sri Pada umesimama mbele kabisa. Kuanzia Mei hadi Septemba ni mvua, ukungu na upepo mkali. Kaskazi ikishika, mvua huhamia upande wa mashariki wa kisiwa na mlima hupata usiku mkavu. Ndiyo maana msimu wa hija huanza mwezi mpevu wa Desemba, siku iitwayo Unduvap poya, na kufungwa mwezi mpevu wa Mei, Vesak poya. Ukifungwa, sanamu ya Saman na vitu vitakatifu huteremshwa hadi hekalu la Galpottawala huko Pelmadulla, taa za njiani huzimwa, vibanda vya chai hufungwa. Vijana wenye tochi hupanda hata Julai. Mtu wa miaka 61 mwenye goti bovu, kwenye ngazi zilizolowa na kuota ukungu wa kijani, gizani, bila mahali pa kujikinga: sishauri hata kidogo. Januari, Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati bora. Epukeni Jumamosi, Jumapili na siku zote za mwezi mpevu, kwa sababu siku hizo msongamano kwenye ngazi za juu husimama kabisa, na kusimama saa nzima kwenye baridi baada ya kutoka jasho kunamchosha mtu kuliko kupanda.

Njia ya kuchagua ni moja tu kwa hali ya mama: ya Hatton, kupitia Nallathanniya. Treni kutoka Colombo Fort hadi Hatton ni mwendo wa saa tano au zaidi, kisha basi au gari kupitia Maskeliya, kama kilomita 33 za kona. Kutoka kijijini hadi kileleni ni kilomita 7 hivi, ngazi takriban 5,500, na kimo cha kupanda ni mita 1,000. Njia ya Ratnapura, inayoanzia Palabaddala, ni ndefu zaidi, ina zaidi ya mita 1,500 za kupanda, na kwenye unyevu ina ruba wengi. Ni nzuri, ina historia. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, wa karne ya 11, alitenga kijiji cha Gilimale upande huo kwa ajili ya kuwahudumia mahujaji. Lakini si kwa goti hilo.

Hewa isikuogopeshe. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza kusumbua juu ya mita 2,500, tena kwa watu wanaolala huko. Mama atakuwa chini ya hapo na atateremka siku hiyo hiyo. Akihema sana, hizo ni ngazi, si uchache wa hewa. Kilimanjaro ni mita 5,895. Huko ni habari nyingine kabisa.

Shida ya kweli ni kushuka. Unapopanda, msuli wa paja hujikunja na kukusukuma juu. Moyo ndio unaofanya kazi kubwa. Unaposhuka, msuli ule ule unalazimika kujivuta huku ukirefuka, ili kuuzuia mwili usianguke, na kile kifupa cha mbele ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayoweza kufika mara tatu ya uzito wa mwili au zaidi. Gegedu lililochakaa halina mishipa ya kuhisi, kwa hiyo wakati wa safari mtu anaweza asione neno; mfupa ulio chini yake na utando wa kiungo ndivyo vinavyolalamika, mara nyingi kesho yake. Zidisha hilo kwa ngazi 5,500 zisizolingana, nyingine fupi kama za nyumbani, nyingine zinazofika katikati ya muundi. Ndiyo maana watu wengi hufika juu wakitabasamu na kushuka kinyumenyume.

Msuli wa paja wenye nguvu ndio unaolilinda goti, na msuli hujengwa kwa majuma, si kwa dawa ya kuchua. Mpe mama majuma manane. Siku tatu kwa juma, apande na kushuka ngazi 150 kwa siku, kwa mwendo ambao bado anaweza kusema sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Kila juma aongeze ngazi 125 hadi 150. Juma la nane afike ngazi 1,000 au zaidi kwa mara moja, kupanda na kushuka. Jengo la ghorofa nne, mara kumi na tano, linatosha kabisa. Kipimo changu ni hiki: asubuhi ya pili goti lisiwe limevimba, na aweze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Likivimba, arudi nyuma juma mbili. Asipofika ngazi 1,000 kwa juma la nane, asipande mpaka juu. Ajizoeze pia na fimbo, mbili zikipatikana, ndefu kiasi cha kiwiko kukaa pembe mraba akiwa tambarare, na zirefushwe kidogo wakati wa kushuka. Kila mguu unapotangulia chini, fimbo itangulie nao.

Kuhusu dawa, tafadhali soma hapa mara mbili. Kwetu mtu akiumwa goti hununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa la jirani. Kwa mwenye presha, dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha pamoja na upungufu wa maji mwilini huweza kuumiza figo. Usiku wa kupanda ngazi, mtu akitoka jasho na kunywa kidogo kwa kuogopa kukosa choo, mambo hayo matatu hukutana pamoja. Daktari aseme mapema ni dawa gani ya maumivu inayomfaa. Dawa zake za presha asiziache safarini, na aulize kama zimo zile zinazozuia moyo kwenda mbio, kwa sababu akizitumia atachoka mapema na kupima mapigo ya moyo hakutakuwa kipimo cha kuaminika.

Aende kwa daktari, kabla hata ya zoezi la kwanza, ikiwa: kifua kinambana au kumuuma akipanda ngazi, anahema akiwa amelala chali, miguu inavimba, aliwahi kuzirai, au presha bado inapanda na kushuka licha ya dawa. Kwa goti: likikwama lisinyooke, likimlegea ghafla kama linataka kumwangusha, au likivimba na kupata moto. Hayo hayajibiwi kwa barua, yanahitaji mkono wa mtaalamu juu ya goti lenyewe.

Karibu kila mtu huondoka kijijini saa 8 usiku ili awahi jua, linalochomoza karibu saa 12 na dakika 20 asubuhi. Kwa mama, ambaye atahitaji saa tano au sita kupanda, kuwahi jua ni kuondoka saa 6 usiku, na kufika wakati jukwaa dogo la kileleni limejaa watu bega kwa bega. Mimi ningeondoka naye saa 9 usiku. Baridi bado ipo, taa zinawaka, wenye haraka wameshatangulia, na mnafika saa 2 au saa 3 asubuhi wakati wao wanashuka na juu pana nafasi. Mtakachokosa ni kivuli. Jua likichomoza, upande wa magharibi hutokea kivuli cha mlima chenye umbo la pembetatu kamili, juu ya ukungu na mabonde, na watu husema ni muujiza wa mlima huu. Ni kizuri mno, ila kila mlima uliosimama peke yake hukitoa, hata wenye kilele bapa: kivuli kinakwenda mbali sana, nawe umesimama kwenye chanzo chake, basi kingo zake zinaonekana kukutana mbele kama reli mbili. Kama mama anakitaka kweli, ondokeni saa 6 na mumlaze mchana kutwa kabla yake. Kumbukeni tu kwamba wenyeji wakisema saa mbili usiku wanamaanisha saa 8 yetu.

Alfajiri itawakuta njiani, adhana huko ikiwa kati ya saa 11 na saa 11 na nusu kwa miezi hiyo. Chukueni mkeka mwepesi. Kwenye mabanda ya kupumzikia hupatikana pa kuswalia. Juu, kabla ya jua, baridi huweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake, na upepo unakata. Kosa la watu wa pwani ni kuvaa koti zito tangu chini, wakalowa jasho ndani, kisha wakafika juu wakitetemeka kwa fulana iliyolowa. Apande na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Kwenye kibanda cha chai cha mwisho, kabla ya Mahagiridamba, ile sehemu ya mwisho iliyosimama wima yenye vyuma vya kushikilia pande zote, abadilishe nguo ya ndani iliyo kavu, ndipo avae sweta na koti la kuzuia upepo. Soksi mbili nene ziwe mfukoni, maana viatu vitavuliwa juu ya saruji baridi. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, tende, na chai ya njiani.

Pumzikeni dakika tano kila nusu saa hata kama hajachoka. Muda wa kushuka uwe saa nne, msiubane kwa treni ya mchana. Na mkubaliane mapema, mkiwa bado hotelini, ni nani mwenye neno la mwisho la kurudi. Iwe ni wewe. Mtu aliyesubiri jambo miaka hamsini hatakubali kugeuka peke yake. Kifua kikibana, akiona kizunguzungu, akianza kusema maneno yasiyopangika, au goti likimlegea mara mbili, mnageuka hapo hapo. Wakati wa msimu huwekwa vituo vya huduma ya kwanza njiani. Namba ya gari la wagonjwa, bila malipo, ni 1990, na hospitali kubwa ya karibu ni ya Dickoya, nje kidogo ya Hatton.

Na ikiwa daktari atasema hapana, au Julai haiwezi kusogezwa? Bado mleteni, iwe tu siku isiyo na mvua kubwa. Sehemu ya mwanzo ya njia, mpaka kijito cha Sita Gangula na lile jengo jeupe lililojengwa na watawa wa Kijapani, huinuka taratibu na mahujaji wapya hunawa pale kwa maji ya baridi kali. Mtu wa umri wake akienda polepole hufika bila kuumia. Kisha mpeleke alfajiri kando ya bwawa la Maussakelle, karibu na Maskeliya. Ukungu ukifunguka, huwa asubuhi na mapema kabla ya saa 2, mlima wote unaonekana kutoka mguuni hadi ncha, kitu ambacho aliye juu yake hawezi kukiona. Mchukulie kiti na chupa ya chai, mkae hata saa mbili, kwa sababu mwezi wa Julai unaweza kufunguka kwa dakika kumi tu.